Bahati haikukukataa, mdogo wangu

Juzi usiku kijana mmoja ninayecheza naye mahjong ya Kijapani mtandaoni, mchezo wa kete wa watu wanne, alinitumia picha ya mkono uliomwangusha, yaani kete alizoshika katika raundi moja, na chini yake maneno matatu: "Kaka, bahati imenikataa."

Niliikuza ile picha, na kadiri nilivyoitazama ndivyo nilivyozidi kuchukia. Kushindwa si tatizo, sote tunashindwa. Kilichonichoma ni hilo neno bahati.

Oya, yaani aliyeanza mkono na ambaye ushindi wake hulipwa zaidi, alitangaza riichi, yaani amebakiza kete moja tu ashinde, alipotupa kete yake ya sita. Mbele yake zimepangwa kete alizotupa: Magharibi, 9 pinzu, 1 sozu, Kaskazini, 4 manzu (pinzu, sozu na manzu ni aina tatu za kete zenye namba), halafu 8 sozu imelazwa ubavu, alama ya riichi. Kijana wangu ana tanyao ya wazi, mkono wa namba 2 hadi 8 tu, ameshapiga pon mara moja (amechukua kete iliyotupwa na mwingine akamilishe tatu zinazofanana), bado hatua moja afike tenpai, yaani abakize kete moja ashinde. Mkono wa pointi 1,000, basi. Na humo mkononi ana 4 manzu mbili. Mbili! Akazishikilia kwa sababu ndizo jozi yake, akatupa 5 pinzu. Ron: oya ameichukua kete hiyo na kushinda. Vipengele vya alama vikajumlishwa, riichi, ippatsu, pinfu, dora mbili (kete za alama za ziada): pointi 12,000 kwa mpigo, karibu nusu ya zile 25,000 alizoanza nazo.

Ile 4 manzu isingeweza kumdhuru kwa namna yoyote. Oya ameshaitupa mwenyewe, kanuni ya furiteni imemfunga, hawezi kuichukua kwako hata kama ndiyo anayoisubiri. Hakuna kukisia hapo. Na ukiitupa ya kwanza sasa na ya pili zamu ijayo, wenzako wawili nao wanatupa zao, na kila kete inayopita mbele ya mtu wa riichi bila kuchukuliwa inakuwa salama kwake mpaka mkono uishe, kwa sababu hana ruhusa tena ya kubadilisha alichonacho. Unaanza na genbutsu mbili, yaani kete salama kabisa, baada ya mizunguko miwili huenda una tano.

Watu wanajifunza mchezo huu kama kujenga tu. Wanakariri yaku, yaani michanganyiko inayoruhusu ushindi, wanakokotoa ni kete ngapi zinawafaa, wanajua kwamba kusubiri pande mbili (una 4 na 5, unasubiri 3 au 6) kunakupa kete nane na kusubiri katikati (una 4 na 6, unasubiri 5) nne. Vizuri, vijueni. Lakini tazameni meza yenyewe ilivyopangwa. Kwa nini Wajapani wanalaza kete walizotupa sita sita, kwa mpangilio, kila mtu mbele yake, badala ya kuzirusha zote katikati? Kwa nini aliyetupa kete ya ron analipa peke yake? Kwa nini kuna furiteni? Kanuni hizi tatu zinakupa kitu cha kusoma, sababu ya kukisoma, na uhakika wa ulichosoma. Asiyejilinda anacheza nusu ya mchezo.

Wazee wa dhumna barazani kwetu wanalijua hili bila kufundishwa. Kila namba iko kwenye kete saba, na mzee anajua ngapi zimeshuka na nani amepita kwenye namba gani. Hachezi kabla hajatazama kilicholala mezani.

Kuna na ule ugonjwa wa kujilinda nusunusu: unatupa moja salama, unayofuata unajaribu tena kuuokoa mkono wako, unatupa ya hatari "kidogo tu". Wajapani wana neno betaori, kuuvunja mkono moja kwa moja mpaka mwisho. Tazama ligi yao ya wanataaluma, M.League, iliyoanza mwaka 2018. Utaona watu waliobobea wakivunja mikono mizuri kabisa mbele ya riichi.

Suji nayo, yaani kukisia kuwa kete iliyo hatua tatu kutoka namba aliyoitupa ni salama, isikudanganye. Inakukinga na anayesubiri pande mbili tu. Anayesubiri katikati, au anayesubiri jozi, suji haimhusu.

Sawa, bahati ipo, na kuna siku utajilinda kila mkono na bado ukawa wa nne kwa sababu wenzako wanajichotea ushindi wenyewe kila mara. Na kuna wakati wa kusukuma: uko tenpai, unasubiri pande mbili, mkono wako ni mangan, wa alama nyingi. Hapo piga. Mkono wa mwisho nawe ni wa nne, piga pia, kwa nini usipige? Lakini hatua moja kabla ya tenpai, kwa 1,000, mbele ya oya? Hapana. Na ile pon ya mapema ndiyo iliyomponza kabla hata riichi haijatangazwa, maana kete tatu zimekwenda mezani na hazirudi. Mkono mfupi una pa kujifichia padogo.

Nilimwandikia yote haya, marefu kuliko hapa. Alikaa kimya siku nzima, nikadhani nimemuudhi.

Jana akanitumia picha nyingine. Riichi ya oya tena, kete ya saba. Yeye alikuwa na dora mbili, mkono unapendeza. Akauvunja, Kaskazini tatu mfululizo, halafu kila kilichopita kwa wengine, mpaka ukuta wa kete za kuchota ukaisha. Oya alikuwa tenpai peke yake, hivyo kijana wangu akamlipa 1,000 kama wenzake wawili. Chini ya picha aliandika kwamba kete ambayo oya alikuwa akiisubiri alikuwa nayo mkononi tangu mwanzo, na hakuitoa.