Mahafali bila mgeni rasmi

Walimu wenzangu wa kamati ya mahafali hawatanipenda kwa hili, lakini acha niliseme. Mahafali mazuri kuliko yote ya kidato cha sita niliyopata kuyaona tangu niajiriwe ni yale ya Juni 2020. Hayakuwa na maturubai, hayakuwa na keki wala muziki wa kukodi, na hakuna mzazi hata mmoja aliyekanyaga uwanjani. Tena hayakuwa na mgeni rasmi, na hapo ndipo hasa utamu wake ulipokuwa.

Tukumbushane kidogo, maana mambo ya corona watu wameyasahau upesi mno. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini Tanzania. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Sisi ni shule ya serikali ya bweni huku Nyanda za Juu Kusini, kidato cha tano na sita tupu, na wanafunzi wetu wanapangwa kutoka nchi nzima. Kwa hiyo tangazo lile kwetu lilimaanisha mabasi. Mtoto wa Newala, wa Kasulu, wa Muleba, wote wafike makwao, na huku kila abiria anaogopa hata kukohoa. Wengi waliacha matranka na magodoro bwenini wakiamini siku thelathini si nyingi.

Walionitia huruma ni kidato cha sita. Mtihani wao wa taifa ulikuwa uanze mwanzoni mwa Mei, na mahafali, kama kawaida yetu, yalipangwa kabla ya mtihani. Kadi zilishachapwa. Fundi wa fulana alishachukua kianzio chake (na hadi leo hajakirudisha, ila hiyo ni habari nyingine). Siku 30 zikaisha, serikali ikaongeza muda bila kutaja mwisho wake, na uvumi ukachukua nafasi ya ratiba. Leo unasikia mwaka umefutwa, kesho unasikia watapewa matokeo ya mock, yaani ya mtihani wa majaribio, keshokutwa mtu anatuma tangazo lenye nembo ya kughushi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la kombi (mchepuo) ya HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, na somo langu ni Historia. Tulifungua kundi la WhatsApp, nikawa nawarekodia notsi kwa sauti usiku, wakati bando ni rahisi. Lakini nusu ya darasa hawakuwa na simu janja. Hao niliwatumia maswali kwa meseji za kawaida. Kijana mmoja wa Kasulu alinijibu swali la Mdororo Mkuu wa Uchumi wa 1929 kwa SMS, aya moja moja, kwa simu ya kitochi ya baba yake. Utangulizi ulifika Jumanne. Sababu ya tatu ilifika Ijumaa, vocha ilipopatikana. Hitimisho lilikuja Jumapili likiwa na ombi: "Madam, naomba usahihishe kama ni ya siku moja." Nikasahihisha kama ni ya siku moja. Ilikuwa insha nzuri.

Tarehe 21 Mei Rais Magufuli akatangaza kwamba kidato cha sita na vyuo vifunguliwe 1 Juni, na mtihani ukapangwa kuanza 29 Juni. Wiki nne tu. Wakarudi, na walikuta shule ya ajabu. Kidato cha tano walikuwa bado nyumbani, kwani shule nyingine zote zilifunguliwa siku ileile ya 29 Juni. Wiki nne zile kiwanja kizima kilikuwa chao peke yao. Ndoo za maji tiririka kila mlango, madawati yaliyotenganishwa, mabweni yaliyozoea kelele za watu wa mikoa yote yakiwa nusu tupu. Wakati wa prepo, kujisomea kwa usiku, ungesikia kurasa zikifunuliwa darasa la pili.

Asiyejua shule za bweni hawezi kuelewa kukosekana kwa kidato cha tano kulikuwa na maana gani. Mahafali ni kazi yao. Wao ndio hupamba ukumbi, hubeba viti, huimba wimbo wa kuwaaga kaka na dada zao, hutunga ngonjera na kuigiza walimu mpaka tunaona aibu. Bila wao hakuna mahafali. Mkuu wa shule alipoulizwa alijibu kwa mkato: misongamano hairuhusiwi, watoto wafanye mtihani waende. Alikuwa na haki yake, maana barua za miongozo zilikuwa zinamiminika mezani kwake. Ila tulimbembeleza, na mwishowe akaridhia kwa sharti moja, kwamba asiingie mtu kutoka nje ya geti.

Basi Jumamosi ya 27 Juni walimu ndio tuliokuwa kidato cha tano. Tulibeba mabenchi sisi. Makamu mkuu wa shule alikata vitunguu vya pilau, na nadhani barakoa ilimfaa zaidi kwenye vitunguu kuliko kwenye corona. Mwalimu wa taaluma, mtu ambaye wanafunzi walikuwa wakimwona tu akiwa ameshika ratiba, alikuwa anasukuma kuni.

Kwa kuwa hakukuwa na hotuba, tulihitaji kitu cha kujaza muda. Tukakubaliana hivi: kila mhitimu aitwe mbele kwa jina lake kamili, na mwalimu mmoja anayemfahamu aseme sentensi moja juu yake. Isihusu maksi. Ndiyo hiyo tu.

Sijawahi kuona watoto wakikaa kimya namna ile. Matroni alimwita binti mmoja wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) akasema, huyu ndiye aliyekuwa akinibishia hodi usiku wa manane kuniambia nani bwenini anaumwa, na yeye mwenyewe hakuwahi kusema anaumwa. Mpishi mkuu naye tulimpa nafasi, akamsimamisha kijana aliyekuwa akiamkia jikoni saa kumi alfajiri kuota moto, kwa sababu baridi ya huku haina mswalie mtume, akasema, "Huyu kasoma vitabu vyake vyote kwenye jiko langu, akifaulu mjue na mimi nimefaulu." Mwalimu wa Fizikia aliishindwa sentensi moja. Alianza na kijana wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) aliyetengeneza redio ya ofisi, akaingia kwenye saketi, akaenda mbali, mpaka wahitimu wakaanza kumpigia makofi ya kumshusha.

Wazazi walikuwa kwenye simu. Wachache kwa video, wengi kwa sauti tu. Tuliweka simu kwenye kipaza sauti cha kanisa tulichoazima. Bibi mmoja alipiga kutoka Newala, mjukuu wake akiwa amesimama mbele yetu kwa sare iliyopigwa pasi. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akajibu, "Marahaba mwanangu, hebu wasogeze wote karibu na simu." Kisha akapiga vigelegele. Vilikuwa virefu, vikikatika kwa mtandao na kurudi, na matroni akavidaka upande wetu. Yule binti alicheka mpaka akakaa chini.

Kuna jina moja lilitusumbua. Binti mmoja wa darasa langu hakurudi Juni. Alipata ujauzito wakati wa likizo ile ya lazima, na utaratibu wa wakati ule haukumruhusu mwanafunzi mjamzito kuendelea na masomo katika shule ya serikali. Utaratibu huo ulikuja kuondolewa Novemba 2021, yeye akiwa tayari na mtoto anayetembea. Wapo walimu waliosema jina lake lisisomwe, kwamba kulisoma ni kuwapa wengine mfano mbaya. Mimi nilisema asomwe kama wenzake, kwa sababu miaka yake miwili shuleni hapo haikufutika. Tulibishana hadi usiku. Lilisomwa, na mwalimu wake wa Jiografia akasema sentensi yake, na wenzake wakampigia makofi binti ambaye hakuwepo. Bado naamini lilikuwa jambo sahihi kuliko yote tuliyoyafanya siku ile, na bado wapo wasiokubaliana nami.

Sasa turudi kwa mgeni rasmi. Kila aliyewahi kukaa kwenye mahafali anaijua ratiba. Kadi inasema saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi anafika saa sita na nusu. Wahitimu wamesimama juani na fulana mpya, gwaride limeshafanyiwa mazoezi mpaka limechoka. Anakagua mabweni. Inasomwa risala, ambayo kwa jina ni ya wahitimu, ila imeandikwa ofisini na kurekebishwa mara kadhaa, nayo inaomba uzio, kompyuta, gari la shule na tanki la maji. Mgeni rasmi anasimama, anatoa salamu za viongozi wote kuanzia ngazi ya taifa hadi kitongoji, anaahidi mifuko ya saruji, anaendesha harambee, wazazi waliokopa nauli wanainua mikono wakiona aibu kutoinua. Vyeti vinagawiwa jioni harakaharaka kwa makundi, kwa kombi, kwa sababu msafara una ratiba nyingine. Mwanafunzi aliyekaa nasi miaka miwili anapata sekunde tatu za kushikwa mkono na mtu asiyemjua jina.

Sikatai kwamba saruji nyingine hufika. Tuna bweni moja lililoanzia kwenye ahadi ya mahafali, na wasichana wamelala humo. Mkuu wa shule asiye na fungu la ukarabati atafanya nini, kama siku pekee ambayo mwenye uwezo anakuja kuketi mbele yake ni hiyo? Nalielewa hilo vizuri. Ninachosema ni kwamba hiyo ni siku ya kuomba msaada, iitwe hivyo, ipangiwe tarehe yake. Kuibandika juu ya wahitimu ni kuwafanya wawe mapambo ya kikao cha watu wazima.

Na wale wanaosema haifai kusherehekea kabla ya matokeo, tusubiri kwanza tuone nani kapata divisheni gani, hao siwaungi mkono kabisa. Matokeo ya 2020 yalitoka Agosti, na kwa hakika wapo tuliowashangilia Juni ambao hayakuwaendea vizuri. Sioni cha kujutia hapo. Tuliwashangilia kwa kufika mwisho, mwaka ambao kufika mwisho hakukuwa na uhakika. Jirani zetu wa Kenya walisubiri zaidi: watahiniwa wao wa kidato cha nne walirudi shuleni Oktoba 2020 na kufanya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, kuanzia mwishoni mwa Machi 2021. Marekani nako niliona picha za wahitimu wakipokea vyeti wakiwa ndani ya magari, na Mei 16 Barack Obama akawahutubia wote kwa pamoja kwenye televisheni. Kila nchi ilitafuta namna yake. Mgeni rasmi kama huyo hata mimi ningemsubiri juani, lakini yule mpishi wetu simbadilishi naye.

Mwaka huu kamati imekaa tena. Barua ya kumwalika mgeni rasmi imeshaondoka, bajeti ya maturubai imepita, na risala inaomba uzio, uleule wa miaka yote. Nilitoa hoja kwamba turudishe ile sentensi moja kwa kila mhitimu. Nikajibiwa kuwa wahitimu ni wengi na ratiba imebana. Nimepiga hesabu. Kwa sekunde ishirini kila mmoja, walimu wakipanga foleni vizuri, wahitimu wote wanaisha ndani ya saa mbili na chenji. Nimependekeza tuanze saa tatu kamili kama kadi inavyosema, na mgeni rasmi akifika atukute tumemaliza. Mwenyekiti wa kamati alicheka, halafu akaniuliza kipaza sauti cha kanisa kinaweza kupatikana kuanzia saa ngapi.