Mzee wa wodini na wiki sita za kusubiri

Mzee amelazwa kwa ajili ya moyo au saratani. Chakula hali, hataki kugeuzwa, salamu haitikii. Akiandikiwa dawa ya kawaida ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, tuseme sitalopramu, ndugu huambiwa wavute subira wiki nne hadi sita. Methilifenideti, kichangamshi cha ubongo tunachokijua zaidi kama Ritalin, ikimkubali huonekana ndani ya siku chache. Je, apewe hiyo? Ubishi unaanzia hapo, na kwa maoni yangu anayesema "hapana" huaminiwa upesi mno.

Hoja yake kubwa ni utafiti wa Ontario, Kanada, wa mwaka 2021. Watu wa miaka 66 na zaidi walioanza vichangamshi walikuwa na hatari ya matatizo ya moyo na mishipa iliyozidi ya wasiotumia kwa asilimia 40, katika siku 30 za mwanzo. Si la kupuuzwa. Lakini asilimia 40 ya ngapi? Chukua mfano: kama wazee kumi katika elfu wangepatwa na tatizo mwezi huo, sasa ni kumi na wanne. Tena walipofuatiliwa hadi siku 180, kisha 365, tofauti haikuonekana. Basi hatari imerundikana mwanzoni, na mwanzoni mgonjwa wetu yuko wodini, presha na mapigo yake yanapimwa asubuhi na jioni. Yupo wapi pengine pa kumjaribia salama zaidi? Na madhara ya kulala tu kitandani, yaani vidonda vya mgongo, damu kuganda miguuni, nimonia: hayo hayasubiri wiki sita, wala hesabu ya Ontario haikukusudiwa kuyahesabu.

Kinachonitia shaka mimi si moyo, ni uchache wa ushahidi. Jaribio la Los Angeles lililochapishwa 2015 lilikuwa na wazee 143, na waliopewa sitalopramu na methilifenideti pamoja walipata nafuu mapema na kwa wingi zaidi. Ila wale walikuwa wakitoka nyumbani kwao kwenda kliniki. Kwa wenye sonona pamoja na ugonjwa wa mwili, kama mzee wetu, majaribio ni madogo. Moja la 1995 lilikuwa na watu 16.

Kwa hiyo nisingempa aliyetoka tu kupata shambulio la moyo, wala anayeweweseka. Wengine, baada ya kipimo cha umeme wa moyo, waanze na miligramu 2.5 asubuhi na mchana, isiwe jioni, usingizi utapotea. Siku ya tano ikifika bado amegeukia ukuta, iachwe.