Vikwazo vya biashara havimfikii mwenye shamba la maua

Wapo wanaotaka vikwazo vya biashara vitumike kulinda haki za wafanyakazi, hata wa mashamba ya maua Uganda. Marekani iliiondoa Uganda kwenye AGOA, mpango wa kuingiza bidhaa za Afrika huko bila ushuru, kuanzia 1 Januari 2024, kwa hoja ya haki za binadamu. Adhabu ya namna hiyo hupiga nchi nzima. Msafirishaji akikosa nafuu ya ushuru hupunguza watu, na wa kwanza kutoka ni kibarua asiye na mkataba. Mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani walipokutana Singapore mwaka 1996 waliliachia suala la haki za kazi Shirika la Kazi Duniani (ILO), chombo kisichoweza kuzuia hata boksi moja la waridi pale Entebbe.

Sheria zetu za Uganda nazo zimelala. Kima cha chini cha mshahara bado ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Leo hazinunui kilo mbili za sukari. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais akakataa kuusaini.

Kwa hiyo mimi natazama shambani. Kibandiko cha kila dawa hutaja muda ambao mtu asiingie kitaluni baada ya kupuliza, mara nyingi saa 12 au 24. Oda za Siku ya Wapendanao zikipanda, muda huo ndio huliwa kwanza, maana ua lililofunguka halina bei. Mkaguzi wa nembo, yaani wa cheti kinachoonyesha kuwa shamba linafuata viwango, akija kwa taarifa ya mapema, atakuta glavu mpya. (Jioni zinarudi stoo.)

Mkaguzi huyo alinganishe madaftari mawili: la kupulizia, lenye jina la dawa, kipimo na saa ya kumaliza, na la uvunaji, lenye namba ya kitalu na saa. Kitalu kilichopulizwa dawa ya saa 24 hadi saa kumi jioni, kisha kikavunwa saa moja asubuhi iliyofuata, hakihitaji shahidi. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi anaweza kuyapitia kila wiki, mradi mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri umpe haki ya kuyashika. Bila kifungu hicho ataambiwa yamefungiwa ofisini.

Mnunuzi wa Uholanzi naye abanwe. Oda ikiongezwa siku mbili kabla ya ndege, haivuniki bila kula saa za usalama au kuwakeshesha watu. Iwekwe siku ya mwisho ya kubadili oda, na inayochelewa ilipiwe zaidi. Nyongeza hiyo igharamie saa za ziada, ambazo Sheria ya Ajira ya 2006 inataka zilipwe mara moja na nusu, na mara mbili siku za sikukuu.