Nyuzi 11, picha hakuna

Tangu nilipojitia kichwani kwamba karani wa kuhesabu magunia anaweza pia kuunda udi, ile ala ya muziki ya nyuzi, kwa mikono yake, nyumba yangu haijaonja amani. Pasi ya mkaa ya mke wangu imekuwa chombo cha kupindia mbao, kwa sababu bakuli la udi halichongwi katika gogo moja kama la kibangala, ala nyingine ya nyuzi, bali huunganishwa kwa mbavu nyembamba za milimita tatu hivi, ambazo lazima zipashwe moto moja moja hadi zikubali kuinama, na zisizokubali huvunjika saa nane za usiku, wakati hata wezi wamelala. Gundi ya ngozi sisemi. Mama Zuhura anadai inanuka kama mbuzi aliyekufa na madeni. Vigingi vya kukazia nyuzi nilivichonga kwa mpingo mpaka msumeno ukang'oka meno, na shukrani yake ni kwamba masika yakiingia vinavimba visizunguke, na kaskazi ikivuma vinalegea vyote kwa pamoja, kana kwamba vimekula kiapo.

Hayo ningeyavumilia kama ningepata picha moja ya udi huo ya kuwaonyesha watu barazani. Lenzi ya kamera yangu ni Helios 44 ya Kisovieti, ya milimita 58, ambayo huwaambia watu niliichagua kwa uzuri wake, ingawa ukweli ni kwamba fedha zangu ziliishia hapo. Kwanza kamera, isiyoitambua lenzi hii ya zamani, iligoma kabisa ikidai haina lenzi, ilhali lenzi yenyewe ni nzito kuliko kamera, mpaka nikapekua mipangilio yake jioni nzima kutafuta ruhusa ya kupiga. Kisha, nikilifungua tundu lake la mwanga hadi f/2, yaani wazi kabisa, na kusogea nusu mita, sehemu inayoonekana kwa ukali haifiki hata sentimita moja, hivyo uzi wa kwanza unang'aa na wa 11 umezama ukunguni. Nikilibana tundu hilo hadi f/16, liwe dogo kabisa, mwanga unakuwa haba, kamera inahitaji muda mrefu, na ni hapo hapo Zuhura anapokumbuka kuruka kamba kando ya meza.

Jana nilizungusha pete ya kulengea kwa robo saa, nikiwa nimeziba pumzi, nikafyatua.

"Baba Zuhura, hii imetoka safi kweli!" alisema mke wangu, naye ni mtu asiyesifu ovyo.

Alikuwa akiitazama kanga yake iliyoanikwa nyuma, iliyotoka kwa ukali hata maandishi yake yanasomeka. Ameniomba nimtumie dada yake picha hiyo, ila kwanza nikikate kile kitu chenye ukungu kilichosimama mbele.