Mzee Kasema Dakika Nzima, Tumeandikiwa Maneno Manne

Juzi usiku nimemaliza bando langu kwa filamu ya msafiri mmoja wa Ulaya anayezunguka dunia "kuhifadhi sauti za wahamaji". Kaanzia Mongolia, kapita Sahara, kaishia kwetu bomani kwa Wamasai. Droni inapaa, vumbi linang'aa jua la jioni, ng'ombe wanashuka bondeni. Picha nzuri, sikatai. Basi mzee mmoja akaanza kusema. Kasema karibu dakika nzima, vidole vinahesabu, fimbo inachora chini. Maandishi ya chini yakasomeka: "Ardhi ni mama yetu."

Nikarudisha nyuma. Kimasai changu kinaishia kwenye salamu, lakini tangu lini mtu akamhesabu mama yake kwa vidole?

Asubuhi nikampelekea simu mlinzi wetu, Mmasai wa Simanjiro. Akasikiliza, akacheka mpaka akakaa kwenye tofali. "Mama, huyu mzee anagomba! Lambo limekauka, ndama wake sita wamekufa. Halafu anauliza, yule mzungu wa mwaka juzi aliyewapiga watoto picha, picha ziko wapi?"

Sauti imehifadhiwa, kumbe maneno yametupwa. Nikaenda mwisho wa filamu kwenye majina. Mrusha droni kaandikwa. Mpishi wa msafara kaandikwa. Mwenye lambo lililokauka ni "mzee wa Kimasai", basi.

Na msiniambie ndivyo kazi hii ilivyo. Wilfred Thesiger, msafiri wa Kiingereza, alivuka jangwa la Rub' al Khali, Arabuni, kwa ngamia miaka ya 1940. Simpendi sana; alichukia magari kana kwamba Mabedui waliapa kupanda ngamia hadi kiama. Lakini wenzake wa safari wa Kibedui, Salim bin Kabina na Salim bin Ghabaisha, tunawajua kwa majina hadi leo, kwa sababu alilala nao na njaa ileile, akawaandika kama watu. Baadaye akaishi Maralal, Kenya, kwa Wasamburu, na hapo nasema miaka, si wiki mbili za viza ya utalii. Hilo nampa, kwa shingo upande.

Ila negativu zake, zaidi ya 38,000, ziko makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Ndiyo, baadhi ya picha zimewekwa mtandaoni. Haya, nani kamwambia bibi wa Maralal aandike neno gani ili amwone kaka yake akiwa moran, kijana shujaa?

Wakipsigis wa Kenya si wahamaji, najua, lakini kanda ya sauti ni kanda ya sauti. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi mwaka 1950, nyimbo zikaenda kutunzwa Afrika Kusini. Zilirudishwa vijijini baada ya zaidi ya miaka 60, na walioimba wakiwa vijana wakajisikia wakiwa vikongwe, wale waliokuwa bado hai. Kwa hiyo kurudisha kunawezekana. Na enzi zile ilibidi kubeba mitambo kwenye lori! Leo filamu nzima inaingia kwenye memori kadi ndogo kuliko ukucha, na bado tunaambiwa boma liko mbali.

 

Mlinzi wetu naye anahifadhi sauti, tena bila mfadhili. Simu yake ya kioo kilichopasuka imejaa nyimbo alizorekodi kwenye sherehe za rika lake, na huwarushia wenzake wanaouza ndala Zanzibar. Kila wimbo ameuandikia jina la anayeongoza na boma alikotoka. Nikamwomba mmoja niuweke hapa.

"Ngoja kwanza nimuulize aliyeimba," akasema, akapiga. Hapatikani. Yuko malishoni, na huko mtandao unashika ukipanda kilima.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Leo Ijumaa, bado tunamsubiri apande kilima.