Busia mpaka unalegea, Maseno unakaza

Ukipanda matatu Kisumu kuelekea Busia, unavuka mipaka kadhaa, na unaobishaniwa zaidi siku hizi si ule wa kimataifa. Pale Busia, Kenya na Uganda zilizindua rasmi kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji mwaka 2018, na shughuli za nchi zote mbili zinamalizwa mahali pamoja. Ila hapo Maseno, Kisumu na Vihiga bado zinavutana kuhusu mji ni wa nani. Sondu nako, Kisumu inapokutana na Kericho, ugomvi umekwisha kumwaga damu.

Tulifundishwa kinyume chake: mpaka wa nchi ndio mzito, na wa wilaya ni wa kurahisisha utawala tu. Kwa maoni yangu uzito wa mpaka hautokani na aliyeuchora. Unatokana na kile kinachogawanywa juu yake.

Historia ya eneo letu inaonyesha hivyo. Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda hadi 1902. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na miezi michache baadaye Waingereza wakauhamishia upande wa Kenya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, kwa hiyo reli yote ikawa chini ya utawala mmoja. Kakamega, pamoja na eneo tunaloliita Vihiga leo, ilihesabiwa Nyanza hadi uhuru ulipokaribia, ndipo Jimbo la Magharibi likaundwa. Vihiga ikamegwa kutoka Kakamega mwaka 1990. Basi mwanasiasa anayesimama jukwaani kutetea "mpaka wetu wa jadi" aulizwe kwanza: jadi ya mwaka gani?

Wakati wa wilaya, swali hilo halikumnyima mtu usingizi. Mkuu wa wilaya aliteuliwa kutoka Nairobi, na ukilala upande huu au ule, aliyekutawala alikuwa yule yule. Katiba ya 2010 ilitaja majina ya kaunti 47 bila kueleza kila moja inaishia wapi. Mipaka ikarithiwa kutoka wilaya za sheria ya 1992. Mistari ikabaki ile ile huku kazi yake ikibadilika kabisa. Tangu 2013 kaunti ina gavana wa kuchaguliwa, ina mgao wa fedha za taifa ambao idadi ya watu huchangia kuupanga, na ushuru wa soko unaingia katika hazina yake. Maseno, yenye chuo kikuu, maduka na nyumba za kupanga, si mji wa kuachiwa jirani kirahisi.

Wanaotaka mpaka upimwe na mawe yasimikwe wana hoja nzito. Mamlaka yasiyojulikana yanaishia wapi hayawezi kuwajibishwa. Mfanyabiashara akidaiwa ushuru na pande mbili, alalamike kwa gavana gani? Choo cha soko kikiziba, kila upande unaonyesha kidole kwa mwenzake. Mimi naona hili ni suala la haki kabla halijawa suala la ramani.

Upande wa pili unaogopa kinachofuata mawe hayo. Watu wa Maseno na wa Luanda, mji jirani ulio Vihiga, wameoana, wanauziana, wanazikana. Ukisimika jiwe katikati yao unafungua swali la nani mwenyeji na nani mgeni, na katika nchi hii swali hilo limewahi kuua. Mapigano ya kikabila ya 1991 yalianzia shamba la Meteitei, Tinderet, si mbali na mpaka wa Nandi na Kisumu.

Isitoshe, mstari ulio wazi hautoshi kumaliza ugomvi. Tazama Migingo, kisiwa kidogo cha mwamba katika Ziwa Victoria. Mpaka wa ziwani umeelezwa katika amri ya Waingereza ya 1926, na mwaka 2009 Rais Museveni mwenyewe alikubali kwamba kisiwa ni cha Kenya, ila maji wanamovua wavuvi ni ya Uganda. Mzozo haukuisha, kwa sababu mwamba ule haukuwa shida. Shida ilikuwa sangara.

Ndiyo maana nakubaliana nusu tu na wanaotaka mpaka upimwe. Mawe yawekwe, lakini mapato yasifuate mpaka. Kuusogeza mpaka wenyewe ni mlima: kifungu cha 188 cha Katiba kinadai tume huru, kisha theluthi mbili ya wabunge wote na theluthi mbili ya kaunti katika Seneti. Anayeahidi mazishini "kuirudisha Maseno" anaujua ugumu huo vizuri. Kifungu cha 189 ni chepesi zaidi, nacho hakitajwi sana. Kinaruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Soko la mifugo la Sondu lingeweza kuwa na risiti moja, akaunti moja, na mgawanyo uliokubaliwa mapema. Kisumu, Vihiga na Kericho tayari zinakaa meza moja katika jumuiya ya kiuchumi ya kaunti za ukanda wa ziwa.

Kikwazo si sheria. Gavana atakayekubali kugawana ushuru wa Sondu au Maseno ataitwa msaliti na wapinzani wake kabla risiti ya kwanza haijakatwa, na uchaguzi ni Agosti 2027.