Kipima mionzi kinapolia, nani atakiamini?

Tarehe 29 Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazil, mwanafizikia wa tiba aliazima kipima mionzi cha watafutaji wa urani. Alikiwasha akiwa bado njiani kuelekea ofisi ya afya. Mshale ukaruka hadi mwisho wa kipimo na kugoma hapo, akikielekeza huku au kule. Akadhani ni kibovu, akarudi kuchukua kingine. Nacho kikafanya vilevile. Uani mwa ofisi ya afya, juu ya kiti, kulikuwa na mfuko wenye mabaki ya sesiamu-137, kemikali yenye mionzi mikali, kutoka mashine ya kutibu saratani iliyotelekezwa. Zimamoto walikuwa wanataka kuutupa mtoni, akafika kwa wakati na kuwazuia.

Watu 4 walifariki, mmoja mtoto wa miaka 6, na kwa jumla watu 249 wakakutwa wamechafuliwa na sesiamu hiyo. Mionzi haina harufu, haina sauti. Ndiyo hoja nzito ya wanaotaka vipima kwenye kila bandari na mpaka, nami naiheshimu: Januari 1984 lori la nondo kutoka Mexico lilipotea njia karibu na maabara ya nyuklia ya Los Alamos, Marekani, kipima kikalia, na ndipo ikajulikana kuwa nondo zile zilikuwa na kobalti-60, nayo yenye mionzi. Nyingine zilikuwa zimeshajengewa nyumba.

Wanaopinga nao wana lao. Mbolea ya potashi, vigae, hata shehena ya ndizi ina potasiamu-40 ya asili, yenye mionzi kidogo, na inaweza kuliza king'ora getini. Vipima vya plastiki, ambavyo ni nafuu, huona kwamba mionzi ipo lakini havitofautishi vizuri inatoka kwenye nini. Vipima vya fuwele za jemanium hutofautisha, ila ni ghali na vinataka ubaridi mkali. Mlinzi aliyesumbuliwa na vigae wiki nzima atalifungulia geti hata lori la hatari. Tena chanzo kikiwa bado ndani ya kasha lake la madini ya risasi, yanayoziba mionzi, geti laweza kunyamaza kabisa.

Kwa hiyo mageti yawepo, lakini fedha za kwanza ziende kwenye vipima vya mkononi na mafunzo, pale vyuma chakavu vinapokatwa. Goiânia hapakuwa na kipima kwenye yadi ya vyuma chakavu ilikouzwa sehemu ya mashine ile. Mwenye yadi aliona kitu kinang'aa buluu usiku, akakiingiza nyumbani kwake, akaita ndugu na majirani waje kukitazama.